Kurudi Mlangoni

Kwa miaka tisa nilikuwa na waume wawili, na wote wawili wakijuana. Wa kwanza ni fundi magari, naishi naye Luzira, ndiye baba wa watoto wangu. Wa pili alikuwa wangu Jumapili tu, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa letu Old Kampala, mbele ya watu waliokaa kwenye mabenchi wakitafuna karanga. Yule wa nyumbani aliponiona nachukua mkoba wangu alikuwa akiniambia, "Msalimie mwenzangu." Nami nilimsalimia.

Sisi ni kikundi cha maigizo ya Kiswahili. Wengi wetu ni Wakenya tuliokuja Kampala kutafuta riziki tukasahau kurudi, na Wakongo waliokimbia vita kwao. Mimi siku za wiki nauza vitunguu na viazi katika soko la Kalerwe. Mume wangu wa Jumapili ni fundi cherehani kutoka Bukavu, alifiwa na mkewe zamani, ana binti mmoja. Ni mtu mrefu, mpole, suruali yake imepigwa pasi hata akienda kuteka maji. Mimi si mpole, na sijawahi kujisingizia. Jukwaani mimi nilikuwa nafoka, yeye akisubiri nimalize, kisha anasema maneno mawili na ukumbi mzima unacheka. Iliniudhi miaka yote tisa kwamba mimi ndiye ninayetoka jasho na yeye ndiye anayepigiwa makofi.

Kikundi chetu hakina karatasi. Wakongo wamesoma kwa Kifaransa, Waganda wawili tulio nao wamesoma kwa Kiingereza, na sisi Wakenya tunajidai tunasoma kila kitu. Kwa hiyo maneno tunapeana kwa mdomo, tukiwa tumesimama, na kila neno tunalipatia kazi yake ya mkono. Nikisema "Umechelewa," naweka kikombe mezani. Yeye akisema "Nilipita kwa rafiki," anavua kofia. Tunarudia hivyo wiki baada ya wiki, mpaka ukimnyang'anya mtu kofia yake unakuwa umemnyang'anya na maneno.

Na tuna desturi moja ambayo sijaiona kwa kikundi kingine. Mtu akisahau maneno yake, hakuna wa kumnong'oneza. Mwenzake anatoka nje kana kwamba amesahau kitu, kisha anaingia tena kwa mguu uleule, na sinia lilelile, na maneno yaleyale ya kuingilia. Tunaita kurudi mlangoni. Yule aliyekwama anaona sinia, anasikia sauti, na mdomo wake unaendelea wenyewe. Watazamaji hudhani ndivyo mchezo ulivyo. Siku moja niliingia mara tatu, na mama mmoja akaniambia baadaye kwamba pale ndipo alipocheka mpaka akashika mbavu.

Sasa, alikuja binti mmoja wa Kiganda, mwanafunzi wa chuo kikuu. Anasomea ubongo: jinsi mtu anavyokumbuka, anavyopata maneno ya kusema, na yanavyompotea. Jumapili mbili alikaa benchi la nyuma na daftari lake. Ya tatu akanifuata nilipokuwa naosha vikombe.

"Mama, mimi siko naelewa," akasema. "Maneno mingi hivi, na karatasi hakuna. Nyinyi naweka wapi?"

"Kichwani," nikamjibu. "Kwani wewe yako unaweka wapi?"

Akacheka, lakini hakuondoka. Aliniomba nikae kitini, mikono juu ya mapaja, nimtajie maneno yangu yote ya mchezo wa siku ile. Nikakaa, nikiwa na hakika nitamkomesha. Sentensi nne zikatoka. Ya tano ikakataa katakata. Mtu aliyecheza mchezo ule saa moja tu iliyopita, nikabaki nimekodoa macho kama mwanafunzi aliyeulizwa hesabu. Nilikasirika, maana nilidhani amekuja kunidhihaki.

"Sasa simama, mama," akasema. "Beba sinia."

Nikabeba, na maneno yakamiminika mpaka la mwisho, pamoja na matusi yake. Yule binti aliandika haraka haraka.

"Ubongo iko namna hiyo," akaniambia. "Neno na kazi ya mkono nakaa jirani. Mtu akishika neno peke yake, neno nakimbia. Nyinyi nashika neno, na mkono, na sababu ya kusema. Vitu tatu pamoja."

Nikamwambia hilo tulilijua kabla hajazaliwa. Lakini jioni ile nilirudi Luzira nikitembea kwa madaha, maana sikuwahi kufikiri kwamba yale tunayoyafanya nyuma ya kanisa kuna watu wanayasomea chuo kikuu.

Miezi mitano baadaye mume wangu wa Jumapili alianguka kutoka kwenye kiti cha cherehani, asubuhi, vazi la mteja likiwa bado limebanwa na sindano. Ilikuwa kiharusi. Alikaa hospitali wiki tatu, akatoka na mkono wa kulia umelegea, na maneno hana.

Niseme vizuri hapo. Akili yake ilikuwa nzima, alielewa kila kitu. Ukimwambia funga dirisha, anainuka analifunga. Tulipoomba pamoja aliisema Sala ya Bwana mwanzo mpaka mwisho bila kukosea, kisha akitaka maji alishindwa kusema maji. Hospitalini kulikuwa na mama mvumilivu aliyefundisha watu kusema, akamwonyesha kadi zenye picha: ndizi, mbwa, kikombe. Aliitazama ile ya kikombe mpaka machozi yakamtoka, na badala yake likatoka tusi moja la Kifaransa ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Mimi niliogopa sana, na kwa sababu naogopa nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwa wateja wa viazi.

Ila kulikuwa na jambo jingine lililomkera kuliko mkono. Binti yake alikuwa amechumbiwa. Wakwe, Wakenya wenzangu, walikuwa wameshakuja kubisha hodi, na siku ya kuleta mahari ilikuwa imepangwa. Kwao mume wangu wa Jumapili mahari haipokelewi hivi hivi. Baba anamsimamisha binti mbele ya watu wote na kumuuliza mara tatu kama mali ile iliwe au irudishwe. Binti akikubali mara tatu, ndipo wanakula. Na anayeuliza ni baba mwenyewe, kwa mdomo wake.

Mdogo wake mume wangu huyo, anayekaa naye mtaa mmoja, alijitolea kuuliza kwa niaba yake, na alijitolea vizuri, bila ubaya. Mzee mwenyewe akapiga meza kwa mkono wa kushoto mpaka glasi zikaruka. Binti naye akanivuta pembeni.

"Mama, ni papa njo ataniuliza," akasema. "Mwingine akiuliza, miye sitaitika. Batarudi na bintu byabo." Yaani wakwe warudi na vitu vyao.

"Na kama hawezi?"

"Basi nitamungojea."

Huyo binti anafanana na baba yake. Anaongea polepole na hasogei hata hatua moja. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo: asipopata sauti yule mzee, harusi hakuna, na zilikuwa zimebaki wiki kumi.

Nilikwenda kumwona nyumbani kwake nyuma ya soko la Kalerwe, Alhamisi moja baada ya kuuza. Yeye ndiye mtunza vyombo wa kikundi, sanduku letu lote linakaa kwake, kwa hiyo binti alipotukaribisha chai, ya baba yake aliimimina katika kikombe cha jukwaani, kile cha bati chenye maua mekundu, kilichobanduka ukingoni. Nikachukua sinia nimpelekee mzee yake. Sikuwaza lolote. Ni miguu tu iliyozoea. Nikasukuma mlango, nikaweka kikombe mezani, na mdomo wangu ukasema, kwa sauti ya Jumapili, "Umechelewa."

Mkono wake wa kushoto ukapanda kichwani kuvua kofia ambayo haikuwepo.

"Nilipita kwa rafiki," akasema.

Tulitazamana. Binti aliyekuwa jikoni alikuja mbio na mwiko mkononi. Mimi nilikaa chini sakafuni, mtu mzima na leso yangu, nikalia kwa sauti.

Jioni hiyohiyo nilimpigia simu yule mwanafunzi wa ubongo. Alifika kesho yake, akaniomba nirudie, nikarudia, na mzee akajibu tena. Akamwonyesha kadi ya kikombe. Kimya. Akamtaka aseme "Nilipita kwa rafiki" bila sinia. Kimya.

"Mimi si daktari, siwezi ahidi kitu," akasema. "Lakini mama, wewe najua Kalerwe. Mvua ikinyesha, barabara najaa maji. Nyinyi nafanya nini?"

"Tunapita nyuma, kwa wauza nyama."

"Basi. Soko iko, haikuenda popote. Barabara moja ndio imefungwa. Sisi tutapita nyuma."

Mama wa hospitali alisikia habari hiyo akafurahi, akasema kufundisha mtu maneno machache anayoyahitaji, kwa kuyarudia kama mchezo, ni jambo linalofanywa, tujaribu. Kujaribu maana yake nini kwa kikundi chetu? Tuliigeuza siku ya mahari kuwa mchezo.

Tulimpanga kila mtu. Mzee kitini, binti amesimama mkono wake wa kulia. Mimi naingia kutoka kushoto na sinia, nagonga kikombe cha bati mara mbili kwa kijiko, nasema, "Mume wangu, wageni wamekaa. Kunywa, chai isipoe." Yeye anapokea kwa mkono wa kushoto, anakunywa funda moja, anaweka kikombe juu ya stuli, anamgeukia binti. Hapo ndipo swali linapotoka.

Wiki ya kwanza lilitoka neno moja, "Mtoto." Wiki ya tatu, "Mtoto wangu," kisha tusi la Kifaransa. Siku moja alisukuma stuli ikaanguka, akafunika uso. Nikamwambia, "Miaka tisa umechekewa bila jasho, papa. Leo toa jasho kidogo na wewe." Akacheka. Kicheko chake hakikuguswa na ugonjwa, kilikuwa kilekile, na baada ya kucheka tulianza upya.

Kulikuwa na tatizo dogo, lile neno "mume wangu." Mbele ya wakwe halikai vizuri. Tukajaribu kuweka "shemeji" mahali pake. Mzee alikunywa chai yake tu. Tukaweka "papa." Alikunywa tena. Tukarudisha "mume wangu," akafungua mdomo. Ilibidi nimuombe ruhusa yule wa Luzira, ambaye angekuwa mmoja wa wageni. Alikuwa amelala chini ya gari la mtu, miguu tu inaonekana.

"Sema tu," akajibu kutoka huko chini. "Miaka tisa nimeshazoea."

Wiki ya nane swali lilitoka zima kwa mara ya kwanza. Wiki ya tisa lilitoka mara tatu mfululizo. Yule mwanafunzi alifunga daftari lake, akapiga makofi peke yake.

Ikafika Jumamosi yenyewe. Hema lilijengwa uani kwa mzee, viti vikapangwa, wakwe wakateremka na suti zao, na mbuzi, na vitenge, na blanketi zilizofungwa utepe. Mjomba wa bwana harusi ndiye aliyekuwa msemaji wao, mfanyabiashara mwenye tumbo la heshima, anatazama saa kila baada ya maneno matatu. Mimi nilichungulia nikiwa jikoni, nikakitazama kile kikombe kilichobanduka, na aibu ikanishika. Wakwe wenye suti, halafu baba wa binti anywee bati? Nilikuwa nimenunua glasi mpya zenye mstari wa dhahabu. Mimi, mwigizaji wa miaka yote hiyo, niliyemfundisha yule msichana wa chuo kikuu, nikaweka glasi kwenye sinia.

Niliingia kutoka kushoto. Niligonga kwa kijiko, na mlio ukawa mwembamba, mlio wa mtu mwingine. "Mume wangu, wageni wamekaa. Kunywa, chai isipoe." Mzee akaitazama ile glasi. Akaipokea, akanywa, akaiweka. Akamgeukia binti yake.

Hakuna kilichotoka.

Midomo ilikutana ikaachana. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mjomba wa bwana harusi akakohoa, akasema kwa upole, "Mzee, tunakusikiliza." Mdogo wake mzee akaanza kuinuka kitini. Binti alikuwa ameinamisha macho, lakini niliona vidole vyake vikiminya kitenge. Nilijua kosa ni langu. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu kofia yake kwa sababu ya majivuno, na kama harusi ile ingevunjika, ingevunjika kwa glasi yangu ya mstari wa dhahabu.

Basi nikafanya tunachofanya. Nikaichukua ile glasi, nikasema, "Nimesahau kitu," nikarudi mlangoni.

Jikoni kikombe hakionekani. Mpishi, jirani yake mzee, alikuwa anakitumia kupimia mchele. Nilimpokonya, nikamwaga mchele juu ya meza, nikakisuuza, nikamimina chai. "Bambi, nnyabo, kuna nini?" akaniuliza kwa huruma, kwa Kiganda, yaani pole mama, akidhani nimefiwa. Nilisimama kizingitini, nikavuta pumzi, nikatanguliza mguu uleule.

Nikagonga mara mbili. Bati likalia kama linavyolia.

"Mume wangu, wageni wamekaa. Kunywa, chai isipoe."

Sasa wageni wote wakageuka kumtazama mume wangu wa kweli, maana walikuwa wanamjua. Yeye akainamisha kichwa kwa heshima, kana kwamba ndivyo tulivyokubaliana siku ya ndoa yetu. Mzee akapokea kikombe. Akanywa funda moja. Akakiweka juu ya stuli. Akageuka.

"Mtoto wangu," akasema, "bintu bya hawa batu, tubikule ao tubirudishe?"

"Tubikule, papa."

Akauliza mara ya pili, na sauti ikanyooka zaidi. Mara ya tatu aliuliza kwa sauti kuliko siku zote za mazoezi, kwa sauti ya mtu mwenye nyumba yake, hata wauza nyama upande wa pili wa ukuta nadhani walisikia. Binti aliinua uso akamtazama moja kwa moja.

"Tubikule, papa."

Vigelegele vilipasua hema. Mimi mwenyewe nilipiga mpaka koo likauma. Mdogo wake mzee alimkumbatia akilia waziwazi. Mjomba wa bwana harusi alisahau saa yake, akasimama kucheza na tumbo lake lote. Baadaye alikuja kuniambia kwamba desturi za Wakongo zinapendeza, hasa hiyo ya kuingiza chai mara mbili, na kwamba ya kwanza yenye glasi bila shaka ni ya wageni na ya pili yenye bati ni ya wazee wa ukoo. Nikamwambia ameelewa vizuri sana.

Kulikuwa na hotuba, na nyimbo, na ndizi na nyama, na watu walikula. Mimi nilikaa kando ya mzee, na yule mwanafunzi wa ubongo alikaa kando yangu, sahani mapajani. Nilikuwa nimechoka na nimeshiba furaha. Nilijisemea moyoni kwamba tumepata tulichokitaka, sentensi moja, na kama Mungu hatatupa nyingine hii inatosha.

Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua kile kikombe cha maua mekundu kutoka kwenye stuli, akanywa. Akakunja uso. Akanigeukia mimi.

"Mama," akasema polepole, akilitafuta kila neno na kulipata, "hii chai imepoa."

Sinia lilikuwa chini. Hakuna aliyegonga kitu. Hakuna aliyeingia mlangoni. Yule msichana aliacha kutafuna, akanishika mkono kwa nguvu.

"Hiyo haiko kwenye mchezo," akasema.

Nilijua. Yale maneno hakuna mtu aliyempa, yalikuwa yake, ya kwanza tangu siku aliyoanguka, na katika maneno yote ya dunia alichagua kunilalamikia. Nikasimama. Nikamwambia ana bahati amepata hata hiyo, nikachukua kikombe, nikaenda kumpashia chai yake, na safari hiyo nilipita mlangoni nikilia na kucheka mbele ya wakwe wote, bila kujali nani ananitazama.